Kidonge Ndani ya Tambuu

Wewe uliyeambiwa kuwa maradhi yako yamo shingoni, na ukijishika huoni uvimbe wala jeraha, kaa hapa nikueleze. Sikuandikii ili unionee huruma. Huruma nilipewa nyingi na haikunipandisha hata ngazi za hospitali. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nilikuwa nalifanya kila asubuhi kwa nia njema kabisa, na najua wanawake wa pwani hii, kuanzia Kilwa nilikozaliwa mpaka hapa Lindi nilikoolewa, wanaweza kulifanya vilevile na asitokee wa kuwaambia.

Mimi si msomi. Nilisoma chuoni Kivinje, Kurani nikahitimu, basi. Herufi hizi za shule nimefundishwa ukubwani na mjukuu wangu Zena. Yeye ndiye habari yenyewe, kwa hiyo nianze naye.

Zena ni mtoto wa binti yangu Mwajuma. Mwajuma alifariki katika kumzaa. Nilimpokea mtoto kutoka mikononi mwa mkunga, bado mbichi, na tangu saa ile akawa wangu. Baba yake, Ismaili, ni mkulima wa Kitomanga, mtu mtaratibu. Alisema mtoto mchanga akae kwa bibi yake, yeye ataleta kitakachopatikana. Na kweli, kila alipokuja mjini alileta mtama, alileta mihogo, alileta kuku amefungwa miguu. Hatukuwa na ugomvi.

Zena alipoanza kutambaa, mimi nikaanza kukwama. Nilikuwa mtu wa mwendo. Mtaa wetu wa Mtanda wote ulinijua: jua halijatoka nimeshafagia, nimechota maji, vitumbua viko kwenye sinia. Taratibu nikawa nikikaa sinyanyuki. Si kwamba kulikuwa na maumivu. Maumivu ningeyajua. Ilikuwa kama mtu amenimwagia uji mzito ndani ya mifupa. Lindi hii, wakati wa joto, watu wamelala barazani wanajipepea, mimi nimejitanda kanga mbili na shuka juu yake. Uso ukavimba, macho yakabaki matundu. Nyusi zikapukutika upande wa nje. Nywele zikawa nyingi kwenye kitana kuliko kichwani. Ngozi ya miguu ikawa kavu, ukiikwaruza inaacha unga. Sauti ikashuka. Nikipiga hodi nyumba ya watu, wanajibu kutoka ndani, "Karibu, mzee," wakidhani ni mwanamume.

Nilikuwa nakaa na mdogo wangu Hadija, mjane kama mimi, mwenye ulimi kuliko mimi. Alisema, "Dada, ukiitwa leo utaitika keshokutwa." Tulicheka. Baadaye hatukucheka tena.

Wengine walisema uzee, na uzee wenyewe ulikuwa haujanifikia. Wengine uvivu. Wengine wakasema nimefungwa na mtu. Mwalimu wa chuoni aliniandikia kombe la aya, nikanywa, moyo ukatulia, lakini baridi haikuondoka.

Siku moja nilikaa uani na Zena, mimi nachambua mchele. Ungo uko mapajani, mchana kweupe. Nikasinzia. Nilipofumbua macho, mwuza maji alikuwa amesimama mbele yangu amempakata mtoto. Alimkuta kwenye kisima cha nyuma, ameshika ukingo, anachungulia. Hakunigombeza yule mtu. Alimweka chini, akachukua madebe yake, akaenda. Habari ikaenda naye, na haikuchukua muda kufika Kitomanga.

Hapo ndipo nilipokwenda hospitali. Ulikuwa wakati wa embe.

Nikwambie kuhusu benchi lile, maana utalikalia na wewe. Liko barazani, refu, limelainishwa na makalio ya wagonjwa. Huyu ana mtoto wa homa, yule ni mtu wa mashamba ya katani mkono umefungwa, na wote mnatazama mlango mmoja. Unakwenda alfajiri, unaitwa jua liko utosini, na siku nyingine unaambiwa uje tena. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi. Jirani yangu pale alikuwa mama mmoja wa Milola, Mmwera, mwenye donda la mguu lisilofunga. Alinitazama, akafungua kanga yake moja akanitupia mabegani. Akasema, "Jua hili na wewe unatetemeka. Basi tungebadilishana, mimi naungua." Tangu siku ile, anayetangulia anamwekea mwenzake nafasi. Jina lake nilikuja kulijua baadaye sana. Tulikuwa tunaitana "wa Benchi."

Daktari alikuwa kijana wa Kihindi, mwenye miwani, anasema Kiswahili cha mjini. Sikumaliza hata salamu.

"Mama," akasema, "nimeshakujua kwa sauti."

Akanipigisha magoti juu ya kiti, akanigonga kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka, kisha ukarudi polepole kama mtu aliyeamshwa asiyetaka. Akaniambia kuna tezi hapa mbele ya shingo, ndogo tu, inatia maji yake kwenye damu, na hayo ndiyo yanaupa mwili joto na mwendo. Yangu imekauka. Dawa ni kumeza tezi ya mnyama, iliyokaushwa na kusagwa. Nikamwuliza mnyama gani. Akasema kondoo, si nguruwe, na kwamba alishaulizia mwenyewe kabla mimi sijamwuliza. Nikampenda kwa hilo. Akasema nimeze kidonge asubuhi kabla ya kula chochote.

Sasa sikiliza hapa.

Vidonge vile vilikuwa vya rangi ya vumbi na vinanuka. Vinanuka kama maini yaliyosahaulika chunguni. Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya pili nikatapika. Nikakumbuka jinsi mama yangu alivyotumezesha mizizi michungu tulipokuwa wasichana: aliiweka ndani ya tambuu. Na mimi tangu nilipoolewa sijaamka asubuhi bila uraibu wangu. Kijaluba cha shaba, kikopo changu cha tambuu, kilikuwa kando ya mto, hata buibui lilikuwa mbali zaidi. Basi nikawa natandika jani, napaka chokaa, natia popoo na katu, naweka kidonge katikati, nakunja, natafuna. Mate ya kwanza siyatemi, namezea. Harufu imepotea na dawa imeshuka. Nikaona mama yangu alikuwa na akili.

Daktari alisema kabla ya kula. Tambuu si chakula. Hakuna mtu wa pwani ambaye angekwambia vingine.

Embe zikaisha, masika ikaja, mimi ni yuleyule. Daktari akaongeza vidonge. Nikarudi nimejitanda shuka. Akaongeza tena. Alinitazama uso, akanigonga kisigino, akaandika, akakunja kipaji. Mwisho akaniuliza kama kweli navimeza au navitupa. Nikakasirika. Nilimwambia mimi si mtoto, na kama hataki kuniamini akamwulize Hadija. Hadija alikuwa mlangoni. Akasema, "Anameza, kila asubuhi, nimemwona kwa macho yangu." Na ni kweli aliniona. Daktari akaongeza mara nyingine.

Katikati ya Shaabani Ismaili akaja. Alisalimu, "Shikamoo mama," nikaitika marahaba, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mkwe wangu hakuwa mtu wa kunitazama usoni, heshima yake ilimkataza. Alisema na mkeka. Alisema amesikia ya kisimani. Alisema hanilaumu, na kwamba Mwajuma angemlaani kama angenivunjia adabu. Lakini mtoto sasa anakimbia, na anayemkimbilia lazima akimbie pia. Mama yake yuko Kitomanga, ana nguvu. Kisha akasema lile alilokuja nalo.

"Mama, tungoje mpaka Idi. Kama hali ni hii, nitampeleka kwa mama."

Zena alikuwa amelala kwenye paja langu na mguu wangu ulikuwa baridi hadi nikahofia utamwamsha.

Mwezi ukaandama. Daktari alisema mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Nikamwambia ruhusa nimeisikia, nikafunga.

Nikavihamishia vidonge kwenye daku. Nilikuwa naamka wa kwanza, na kabla ya kukoka moto, nisije nikasahau, navimeza kwa maji matupu, nimeziba pua. Tambuu sikulitia. Uraibu unaacha chembe kwenye meno, na sikutaka alfajiri inikute na popoo ulimini. Uraibu wangu nikaupeleka baada ya futari. Kutapika kukawa hakupo tena, maana tumbo lilikuwa limeshazoea ile harufu.

Kumi la kwanza la mwezi lilikuwa la furaha. Niliona jasho. Nilikuwa nimesahau jasho. Nilivua shuka, nikavua kanga ya pili, nikaamka na mguu ukaitika. Sauti yangu ikarudi, Hadija akasema afadhali, maana alikuwa amechoka kuishi na babu. Nilimbeba Zena mpaka sokoni na kurudi. Nikasema Idi ije tu. Ismaili aje anione.

Kumi la pili mambo yakaenda kasi. Sikuweza kukaa. Nikikaa, goti linacheza. Nikisimama, nataka kwenda. Nikienda, nasahau nakwenda wapi, nageuka. Nilifagia ua, nikafagia tena, nikafagia mchanga uliokwisha fagiwa mpaka Hadija akaniambia nitawafikia waliozikwa. Nilishika ukili nisuke, nikauacha. Nikashika mchele, nikauacha. Nikaenda kwa jirani kuazima kinu, nikapiga hodi, nikazungumza, nikarudi bila kinu. Moyo ulipanda ukakaa kooni, ukawa unapiga hata nimelala, hadi kitanda cha kamba kinalia. Usingizi ulikwenda zake. Nilikula daku kama mchukuzi wa mizigo na bado kanga zikanipwaya kiunoni. Mikono ikaanza kutetemeka, kidogo, kisha si kidogo.

Na ukali. Mimi ni mkali, aliyenijua anajua. Lakini ukali wangu una sababu na una mwisho. Ule ulikuwa unakuja wenyewe. Nilimgombeza Hadija kwa sababu ya namna anavyopumua. Niliwagombeza kuku. Nilisikia maneno yanatoka mdomoni, nikawa kama nimesimama kando nayasikiliza, nikitaka aliyeyasema anyamaze.

Jioni moja nilikuwa nampa Zena uji kabla ya kufuturu. Bakuli lilikuwa mkononi, mkono ukacheza, uji wa moto ukamwagika kwenye mkeka, na matone yakampata mguuni. Hakuungua sana. Hadija alimtia maji, ikabaki alama ndogo iliyokwisha siku za mbele. Ila mimi nilinyoosha mikono nimchukue, na yule mtoto akaitazama ile mikono inavyotikisika, akarudi nyuma. Akajificha nyuma ya Hadija.

Kwenye kisima alikwenda kwa sababu mimi nimelala. Hapa alinikimbia nikiwa macho. Sijui nikueleze vipi tofauti yake.

Hadija alinikalisha. Alisema zamani nilikuwa nimelala, sasa nimeamka kupita kiasi, na kitu kinachomlaza mtu na kumwamsha namna hiyo hakitoki kondooni. Alimjua fundi wa pepo huko Kitunda, ngoma ingechezwa Idi ikipita. Nikamwambia kwanza nakwenda kukaa kwenye benchi. Tukatupiana maneno ambayo dada na mdogo wake hawapaswi kutupiana katika mwezi ule, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni pa hospitali amebeba mkoba wangu, hasemi nami.

Benchi siku ile lilinishinda. Nilikaa, nikainuka, nikatembea mpaka kwenye ngazi, nikarudi. Mama wa Milola alishika nafasi yangu kwa mkono wake. Alisema, "Wa Benchi, safari hii umekuja na miguu ya mtu mwingine."

Daktari alinishika kifundo cha mkono akitazama saa, akaacha, akashika tena. Akaniambia ninyooshe vidole, akaweka karatasi juu yake. Karatasi ikacheza yenyewe. Akauliza kama nimeongeza vidonge. Sikuongeza. Akauliza nimekula nini kipya. Nikasema sijala kitu, nimefunga. Akaiweka kalamu.

"Usinieleze," akasema. "Nionyeshe unavyomeza. Kama unavyomeza siku zote."

Nikatoa kijaluba. Siku zote nilikuwa nacho, hata nimefunga. Nikatandika jani mezani pake, nikapaka chokaa, nikatia popoo na katu, nikaweka vidonge katikati, nikakunja. Nikamwekea mbele yake kama ninavyomwekea mgeni.

Akalifunua lile jani kwa ncha ya kidole, akaitazama chokaa.

"Hivi, tangu embe?"

"Tangu embe."

"Na mwezi huu?"

"Maji matupu. Nimefunga, baba, nitatafunaje?"

Akavua miwani akayasugua macho. Akasema mama yake mzazi anatafuna, kila siku anamwona, na haikumjia hata siku moja kuniuliza mimi. Kisha akanieleza, na nakueleza wewe kama nilivyolielewa. Chokaa inakishika kidonge tumboni. Kinashuka pamoja nayo na kutoka pamoja nayo, na kwenye damu kinaingia kidogo sana. Yeye akaona hakifanyi kazi, akaongeza, na akaongeza. Mimi nikaondoa chokaa, na vyote alivyoongeza vikaingia. Mwili uliokuwa unasubiri kijiko ukamiminiwa chungu kizima. Akasema kitabuni hajalisoma hilo, ila mwili wangu umelisema mara mbili, mara ya baridi na mara ya moto, na yeye anausadiki.

Sikumlaumu. Hakuniuliza, sikumwambia, kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Alisema niache vidonge mpaka moyo ushuke, kisha tuanze upya na kidogo. Kimezwe kwa maji, nikiamka, peke yake. Chokaa isiguse mdomo wangu mpaka adhuhuri.

Nilimwuliza kama nitakuwa nimetulia siku ya Idi.

"Hapana, mama. Dawa hii inaingia polepole, na inatoka polepole."

Nikafunga kijaluba nikaondoka.

Ismaili alikuja Idi pili, kanzu yake imepigwa pasi, amemletea Zena kigauni. Nilimweleza kila kitu, chokaa, vidonge, adhuhuri, vyote. Alisikiliza vizuri. Nikamletea kahawa, na kikombe kikalia kwenye kisahani tangu jikoni mpaka mkekani. Hakunitazama mimi, alikitazama kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, haraka, kama anayenisitiri.

"Mama, nisamehe," akasema.

Nikamwambia sina cha kumsamehe. Baba wa mtoto ni yeye. Nikaingia ndani nikafunga nguo za Zena kwenye kanga, na fundo lilinishinda kwa ile mikono, Hadija akaja akalifunga. Walipanda lori la kwenda Kitomanga. Zena alifurahia lori. Hakulia, na nilishukuru, maana angelia ningemshusha.

Miezi iliyofuata sina mengi ya kukueleza isipokuwa haya. Mwili haupoi siku moja. Nilitembea. Nyumba ilikuwa kimya na mimi natembea ndani yake, chumbani, ukumbini, uani, chumbani. Hadija hakusema tena habari ya ngoma. Siku moja nilimkuta anafua kigauni cha zamani cha Zena kilichosahauliwa, kisafi kabisa, anakifua tena. Tukaanza kusema vizuri.

Upepo wa kusi uliponipiga nikausikia baridi, kidogo tu, nikajua moto umeshuka. Daktari akaanza kunipa tena, nusu kidonge. Nikapoa kupita kiasi, akaongeza. Nikapata joto, akapunguza. Kila badiliko lilikuwa na benchi lake. Mtu wa maradhi haya ajue hivyo: ni kama kutia chumvi kwenye chungu cha mtu mwingine, kwa kuonja.

Kidonge hakikuwa shida. Shida ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nameza kwa maji, kisha mdomo unabaki hauna kazi mpaka adhuhuri. Ulimi unatafuta. Mikono inakwenda yenyewe kando ya mto. Nilimpa Hadija kijaluba akakiweka juu ya kabati, na mara nyingine nilisimama chini ya kabati lile nikitazama juu kama paka. Mama wa Milola alinisaidia kuliko daktari. Aliniletea makopa, akasema nitafune muhogo mkavu, utanichosha taya mpaka adhana. Ni kweli unachosha. Donda lake nalo lilikuwa limeanza kufunga.

Msimu wa korosho ukaingia. Asubuhi moja nikasikia hodi ya mwanamke, hodi yenye haki. Alikuwa mama yake Ismaili, mkwe mwenzangu, mwanamke mrefu wa kimya, na Zena amemshika kanga. Mtoto alikuwa amekua. Alinitazama kutoka nyuma ya ile kanga, macho yake yakashuka kwenye mikono yangu, akayaacha hapo.

Sikumwita. Nilikaa kwenye mkeka, nikaiweka mikono mapajani ambapo anaiona, nikaiacha.

Mkwe mwenzangu alitua furushi lake mlangoni, akakaa, tukaulizana hali za Kitomanga na za Mtanda. Hakusema amekuja kwa nini. Kisha akatoa kijaluba chake. Akatandika jani bila haraka, akapaka chokaa, akatia popoo, katu, akaongeza karafuu moja kwa heshima yangu, akakunja vizuri kama kifurushi cha harusi. Akaninyooshea.

"Karibu, mkwe."

Wewe ni mtu wa pwani, sina haja ya kukueleza. Mkwe amefunga safari, amekutengenezea tambuu kwa mkono wake, amelitia karafuu. Kulikataa ni kumwambia arudi alikotoka. Na kidonge changu kilikuwa bado kiko njiani tumboni. Na mtoto amekaa pale, na neno la huyu mwanamke ndilo litakalosema analala wapi. Nililipokea tambuu. Mate yalinijaa. Nikaliweka kwenye kisahani, nikakifunika.

"Ahsante, mkwe," nikamwambia. "Nitalila adhuhuri. Kabla ya hapo siwezi."

"Hata langu?"

"Hata lako."

Nikangoja asimame. Badala yake akafungua kijaluba, akalirudisha ndani jani alilokuwa amejitandikia mwenyewe, akakifunga.

"Basi tutangoja wote."

Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Nikamwachia akae, nikafanya kazi zangu. Nilikoka moto, nikapika uji, nikamimina kwenye bakuli. Zena alisimama mbali akilitazama bakuli linavyokuja. Halikutikisika. Aliendelea kulitazama mpaka likafika chini, kisha akakaa karibu nalo, si karibu nami. Alikula. Baadaye alikimbilia mlango wa nyuma, njia ya kisimani, na kabla Hadija hajainua kichwa mimi nilishamshika kiuno. Alipiga kelele kwa hasira, akanipiga kifuani. Nikamwacha anipige. Jua lilipopanda alikuwa amechoka, akaja mwenyewe akaketi kwenye ungo wangu wa mchele, juu ya mchele, kama alivyokuwa akifanya zamani. Mkwe mwenzangu aliyaona yote.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Tuliswali. Tulipomaliza, nilifunua kisahani, naye akatoa jani lake, tukatafuna. Lilikuwa limekauka ncha na lilikuwa tamu kuliko yote niliyokula maishani.

Alitema mate yake vizuri uani, akajifuta mdomo.

"Ismaili alinieleza umekatazwa," akasema. "Nilijua tangu Kitomanga."

Nikamwuliza kwa nini basi ameninyooshea.

"Nilitaka kuona kama unaweza kunikatalia mimi. Ungelila kwa kuniogopa, ningemrudisha mtoto."

Akausukuma mguu wake mrefu mpaka mlangoni, akalivuta lile furushi kwa kidole cha mguu, likaja katikati ya mkeka. Ilikuwa kanga ileile niliyomfungia siku ya Idi, na ndani yake nguo zote za Zena, hata kile kigauni cha Idi kilichokuwa kimeshaanza kumbana.

Sasa mtoto huyo yuko shuleni na ananisahihishia herufi. Bado nameza. Daktari yule alihamishwa, akaja mwingine, na jambo la kwanza nililolifanya ni kuweka kijaluba mezani pake na kumwambia ninavyotafuna na saa ninayotafuna, kabla hajauliza. Fanya hivyo na wewe. Usimwambie tu daktari kuwa unakunywa dawa. Mwonyeshe unavyokunywa, pamoja na kila kinachoingia nayo mdomoni, hata kile usichokihesabu kuwa kitu.

Kijaluba kiko juu ya kabati. Zena amekuwa mrefu, anakifikia. Adhana ikilia anakishusha, na kabla ya adhana hata nimwombe vipi hakigusi.

"Bado, bibi," ananiambia, hata hanitazami. Amechukua ukali wangu.